Watumiaji 1,100: Uchambuzi wa Kisa cha HealthCare.gov

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov, ambako wakazi wa majimbo 36 walitakiwa kujichagulia bima ya afya chini ya sheria aliyoisaini Rais Obama mwaka 2010. Siku hiyo ya kwanza tovuti ilipata ziara zipatazo milioni 4.7. Waliofika mwisho wa safari, wakachagua bima na kuandikishwa, walikuwa watu sita. Hadi siku ya pili inaisha, walikuwa 248.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kisiasa: nani alaumiwe, nani ajiuzulu. Mimi nakichambua kwa ajili ya wenzangu wanaopima seva, kwa sababu ni nadra mno nyaraka za ndani za mfumo uliozidiwa kuwekwa hadharani namna hii. Barua pepe za maofisa zilichapishwa, matokeo ya vipimo vya siku za mwisho yalichapishwa, makandarasi walihojiwa mbele ya kamati za Bunge, na mwaka 2016 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya akatoa ripoti nzima kuhusu mradi huu. Ukizisoma nyaraka hizo kwa mpangilio wa tarehe unakutana na jambo la kumhuzunisha fundi yeyote: vipimo vilifanya kazi yake. Seva zilisema kabla ya ufunguzi kwamba haziwezi. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kulipokea jibu hilo na kusogeza tarehe.

Mlango mmoja kwa wote

Tumfuate mtu mmoja tangu anapobofya. Anafungua ukurasa wa mbele. Ukurasa huo ni faili tuli, umeshaandaliwa, seva inaukabidhi tu bila kuuliza hifadhidata. Huo haukusumbua. Anabonyeza kitufe cha kuomba bima, na hapo anatakiwa kufungua akaunti: jina la mtumiaji, nenosiri, maswali ya siri, barua pepe ya uthibitisho. Akimaliza, mfumo unahakiki kwamba yeye ndiye anayesema ni yeye. Kisha anajaza fomu ya maombi. Taarifa zake zinapita kwenye kituo cha data ambacho nacho kinauliza mamlaka ya kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii na Wizara ya Usalama wa Ndani. Majibu yakirudi, ruzuku inakokotolewa, orodha ya bima inaonekana, anachagua moja, na mfumo unaandaa faili iitwayo 834 na kuituma kwa kampuni ya bima ili imtambue kuwa mteja wake.

Kila hatua ilikuwa na mwenyewe. CGI Federal ilijenga soko lenyewe. QSSI ilijenga kituo cha data na sehemu ya kufungua akaunti. Makandarasi wote waliohusika walikuwa 55, na kazi ya kuwaunganisha ilibebwa na CMS, taasisi ya serikali inayosimamia bima za Medicare na Medicaid. CMS ilikuwa na ujuzi wa muda mrefu wa bima. Kuunganisha mifumo ya ukubwa huu ni kazi nyingine kabisa.

Katika mpango wa awali mtu aliweza kutazama bima na bei zake bila kufungua akaunti. Majuma machache kabla ya ufunguzi, sehemu hiyo ya kutazama ilizimwa. CMS ilisema ilikuwa imeshindwa kwenye majaribio. Uamuzi huo mdogo, uliofanywa chini ya shinikizo la tarehe, nauona kuwa ndio uliobadilisha kila kitu. Siku ya kwanza ya huduma yoyote mpya, wanaokuja kutazama ni wengi kuliko wanaokuja kununua. Mtazamaji ni mgeni mwepesi: anasoma ukurasa ambao ungeweza kuandaliwa mapema, anaondoka. Ulipozimwa uwezekano wa kutazama, kila mtazamaji akageuzwa kuwa mwombaji, akasukumwa kwenye hatua nzito kuliko zote, ile inayoandika kwenye hifadhidata, inayotuma barua pepe na inayosubiri mifumo mingine. Andrew Slavitt, aliyezungumza kwa niaba ya kampuni mama ya QSSI mbele ya Bunge tarehe 24 Oktoba, alisema wazi kwamba uamuzi huo huenda ulichangia msongamano uliozidi makadirio kwenye sehemu ya kufungua akaunti.

Anayepanga kipimo cha mzigo, yaani cha kuona mfumo unahimili watu wangapi, huanza na swali la mchanganyiko: kati ya watu mia wanaoingia, wangapi watasoma tu, wangapi watajaza fomu, wangapi watamaliza? Mchanganyiko ukibadilika, kipimo cha jana hakina thamani tena hata kama hakuna mstari mmoja wa programu ulioguswa. Kwa hiyo anayezima kitufe kimoja wiki mbili kabla ya ufunguzi anapaswa kujua kwamba amefuta vipimo vyote vilivyotangulia.

Namba zilizojulikana kabla

Majira ya kuchipua ya mwaka 2013, kampuni ya ushauri ya McKinsey iliwasilisha tathmini kwa viongozi wa mradi. Ilionya kwamba mahitaji yalikuwa bado yanabadilika, kwamba hakuna mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, na kwamba muda uliotengwa kujaribu mfumo mzima tangu mwanzo hadi mwisho ulikuwa mfupi. Machi mwaka huohuo Henry Chao, ofisa wa teknolojia wa CMS, aliuambia mkutano wa kampuni za bima kwamba ana wasiwasi, na kwamba lengo kwa sasa ni kuhakikisha watu hawapati huduma ya hadhi ya ulimwengu wa tatu. Sisi tunaosoma kauli hiyo tukiwa huku tuna haki ya kuitazama kwa makini. Ni kauli iliyodhani kuwa kuzidiwa kwa seva ni tabia ya nchi fulani. Seva haijui iko nchi gani. Inajua foleni ina urefu gani na kila ombi linachukua muda gani.

Kipimo cha mfumo mzima, kwa maana ya mtumiaji bandia (programu inayojifanya mtu) anayepita hatua zote kwa mfuatano, kilianza wiki mbili za mwisho za Septemba. Makandarasi walithibitisha hilo mbele ya Bunge, na walipoulizwa muda unaofaa walizungumza habari ya miezi. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa amepima kipande chake, na makandarasi walisema vipande vyao vilifaulu. Hapa ndipo miradi mingi inapodanganyika. Kipande kinachopimwa peke yake kinajibiwa na vibadala, yaani programu ndogo zinazojifanya mifumo mingine, vinavyojibu papo hapo. Kinapounganishwa na vingine, kinaanza kusubiri, na wakati kinasubiri kinashikilia kumbukumbu ya seva, kinashikilia muunganisho wa hifadhidata, kinazuia wengine.

Siku chache kabla ya ufunguzi, kipimo kimoja kililenga kuona kama sehemu muhimu ya tovuti ingehimili makumi ya maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Iliporomoka watumiaji bandia wakiwa mia kadhaa tu. Chao aliandika barua pepe Septemba hiyohiyo, kwa herufi kubwa, kwamba hataki kurudiwa kwa kilichotokea mwishoni mwa Desemba 2005, tovuti ya Medicare ilipozimika. Mafundi wakakesha wakirekebisha mipangilio. Taarifa ya siku za mwisho za Septemba ikasema mfumo sasa unafikisha watumiaji 1,100 kabla muda wa majibu haujawa mrefu kupita kiasi.

Sentensi hiyo moja ina kila kitu ambacho mpimaji huombwa kutoa. Inataja idadi na dalili, na inaonyesha mahali ukomo ulipo. Haina lawama wala maneno matamu. Iliandikwa wakati makadirio rasmi ya msongamano yakiwa watu 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja.

Baada ya ufunguzi, Todd Park, mshauri mkuu wa teknolojia wa Rais, alieleza kwamba walikuja watu 250,000 kwa wakati mmoja, na kwamba tatizo lilikuwa wingi huo. Maelezo hayo yalirudiwa sana. Tuyaweke kando ya taarifa ya Septemba. Ni kweli kwamba kipimo cha 1,100 kilifanyika katika mazingira ya majaribio, na mazingira ya majaribio huwa na nguvu ndogo kuliko ya kazi. Basi tuwe wakarimu, tuizidishe mara kumi. Tunapata 11,000, pungufu ya moja ya tano ya makadirio ya juu. Umati ungekuja kwa idadi ileile iliyotabiriwa, bila mtu mmoja wa ziada, mfumo ungelala chini vilevile.

Mzigo unavyopanda na muda unavyopasuka

Kuna hesabu ambayo viongozi wa miradi hawaonyeshwi, nami naamini wangeonyeshwa wangeamua tofauti. Chukua seva inayohitaji sekunde 0.2 kushughulikia ombi moja ikiwa haina kazi nyingine. Ikiwa imeshughulika nusu ya uwezo wake, muda wa jibu, pamoja na kusubiri kwenye foleni, ni kama sekunde 0.4. Ikifikia asilimia 80, ni sekunde 1. Asilimia 90, sekunde 2. Asilimia 95, sekunde 4. Asilimia 98, sekunde 10. Hiyo ni kanuni ya foleni rahisi kuliko zote, na mifumo halisi ina mikato yake, lakini umbo ni hilohilo: kati ya asilimia 90 na 98 hakuna ongezeko kubwa la wageni, na muda umeongezeka mara tano. Anayeangalia tu kwamba prosesa bado ina nafasi anaona utulivu hadi dakika ya mwisho.

Kisha inakuja sehemu ya pili, ambayo kwa HealthCare.gov naiona kuwa nzito zaidi. Idadi ya watu walio ndani ya mfumo kwa wakati mmoja ni kasi ya kuingia ukizidisha kwa muda wanaokaa. Wakiingia watu 100 kila sekunde na kila mmoja akamaliza kwa sekunde 8, ndani wapo 800. Mfumo ukizubaa, kila mmoja akakaa sekunde 80, ndani wapo 8,000, na mlangoni hajaongezeka mtu. Ni kama kivuko cha Kigamboni siku pantoni moja inapokuwa matengenezoni: abiria wanafika kwa kasi ya kila siku, lakini ng'ambo kumejaa hadi barabarani.

Kwa hiyo ile namba ya 250,000 isomwe kwa tahadhari. Sehemu yake ilikuwa kiu ya wananchi. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ilizalishwa na ucheleweshaji wenyewe: watu waliokwama kwenye ukurasa, waliobonyeza tena, waliofungua dirisha la pili, waliorudi baada ya saa moja kuanza upya. Mtu aliyekwama hahesabiwi mara moja, na kila anapojaribu tena anaongeza mzigo uleule uliomkwamisha.

Hapa pia ndipo aina ya kipimo inapoleta ukweli au inapoficha. Programu nyingi za kupimia, JMeter ikiwa mojawapo katika mpangilio wake wa kawaida, huunda idadi maalumu ya watumiaji bandia, na kila mmoja husubiri jibu ndipo atume ombi lingine. Seva ikizubaa, watumiaji hao nao wanazubaa, mzigo unashuka wenyewe, na ripoti inatoka nzuri kuliko hali halisi. Wananchi hawana adabu hiyo. Wanaendelea kufika kwa kasi yao, seva iwe imejibu au haijajibu. Kwa tovuti ya umma kipimo kipangwe kwa kasi ya kufika, watu kadhaa kila sekunde, kama programu ya k6 inavyoruhusu, ili ucheleweshaji uonekane unavyolimbikizana.

Jibu limefika, lakini ni jibu gani?

Wale waliobahatika kufika kwenye ukurasa wa kufungua akaunti siku ile ya kwanza wengi wao walikutana na jambo la ajabu: sehemu ya kuchagua maswali ya siri ilikuwa tupu. Ukurasa umefunguka, rangi zipo, vitufe vipo, na ukibonyeza orodha ya maswali haina kitu. Huwezi kuendelea bila kuchagua swali, na hakuna swali la kuchagua.

Nasisitiza tukio hili kwa sababu kwa seva hilo linaweza kuhesabika kuwa jibu jema. Ukurasa umetumwa, msimbo wa hali ni 200, yaani "sawa", muda pengine haukuwa mbaya. Kipimo kinachoangalia msimbo peke yake kingeandika kuwa kimefaulu. Ndiyo maana hati ya kipimo lazima isome yaliyomo ndani ya jibu: je, orodha ya maswali ina angalau swali moja? Je, jina lililorudi ni la mtumiaji huyu au la jirani yake? Je, baada ya kubonyeza kuthibitisha, rekodi ipo kwenye hifadhidata, na ipo mara moja tu? Mfumo ulioelemewa hupenda kutoa majibu yenye sura nzuri na matumbo matupu.

Mwisho wa mnyororo hali ilikuwa vivyo hivyo. Zile faili za 834 zilizokwenda kwa kampuni za bima zilifika zikiwa na kasoro: nyingine zilikosa taarifa, nyingine zilirudiwa, nyingine hazikufika kabisa. Desemba CMS ilikiri kwamba katika Oktoba na Novemba huenda faili moja kati ya nne ilikuwa na hitilafu. Fikiria mgonjwa aliyeona kwenye kioo kwamba amefanikiwa, akalala kwa amani, na kampuni ya bima haina habari naye. Kipimo kinachoishia kwenye kioo cha mtumiaji hakimwoni huyu.

Na kuna wastani, ambao unaficha mengi. Oktoba ile, kurasa zilizoshindwa zilikuwa asilimia 6 ya kurasa zote zilizoombwa. Kwa mtu asiyepiga hesabu, asilimia 6 ni kidogo, kwani zimebaki 94. Lakini safari ya kuomba bima ina kurasa nyingi. Chukua kumi tu. Uwezekano wa kuzipita zote kumi bila kukwama ni 0.94 ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani kama asilimia 54. Karibu nusu ya watu wanaanguka njiani kwa kiwango cha hitilafu ambacho kwenye kikao kingeonekana kidogo. Kikishuka hadi asilimia 0.75, wanaopita wanakuwa takribani asilimia 93. Ripoti ya kipimo inayomsaidia kiongozi ni ile inayotaja safari nzima: kati ya watu 1,000 walioanza, wangapi wamemaliza, na ukiwapanga kuanzia aliyejibiwa haraka zaidi, yule wa 950 alisubiri sekunde ngapi.

Oktoba hadi Machi

Siku 20 hivi baada ya ufunguzi, Ikulu iliwaita mafundi kutoka nje ya mfumo wa makandarasi, chini ya usimamizi wa Jeffrey Zients, aliyewahi kukaimu uongozi wa ofisi ya bajeti ya Ikulu. Miongoni mwao alikuwa Mikey Dickerson, mhandisi wa Google aliyebobea katika kuweka mifumo mikubwa hewani. Walichokikuta cha kwanza ni kwamba hakukuwa na kioo kimoja kinachoonyesha hali ya tovuti nzima. Mkandarasi aliyeulizwa tovuti ikoje alijibu kuhusu kipande chake. Wakaweka vipimo vya moja kwa moja, wakaunganisha namba zote mahali pamoja ili kila mtu aone kitu kilekile.

Pili, waligundua kwamba taarifa zinazoombwa mara kwa mara zilikuwa zinachotwa upya kutoka kwenye hifadhidata kila zinapohitajika, badala ya kuwekwa karibu kwenye kashe. Jioni ya tarehe 22 Oktoba, baada ya kashe kuwekwa, muda wa kufunguka kwa ukurasa ulishuka kutoka sekunde 8 hadi 2. Marekebisho hayo ni ya kawaida kabisa kwa mtu wa kazi hii. Kilichokuwa hakipo ni kipimo cha kuonyesha kwamba yanahitajika, na muda wa kuyafanya kabla ya wananchi kufika.

Kikosi hicho kilifanya kazi kutoka kituo cha uendeshaji huko Columbia, Maryland, kwa vikao vya kila siku, na Dickerson aliweka kanuni tatu ambazo naziheshimu sana. Kikao ni cha kutatua tatizo, wanaotaka kulaumiana watafute mahali pengine. Anayezungumza ni yule anayelijua jambo zaidi, cheo chake kiwe chochote. Na kinachojadiliwa ni kile kitakachotuumiza ndani ya saa 24 hadi 48 zijazo. Kanuni ya pili ingekuwepo Septemba, yule aliyeandika namba ya 1,100 angekuwa ndiye anayezungumza mezani.

Nje ya programu nako kulikuwa na somo. Tarehe 27 Oktoba kituo cha seva cha Terremark, tawi la Verizon, kilipata hitilafu ya mtandao, na kile kituo cha data cha QSSI kikazimika. Yale majimbo yaliyokuwa yamejijengea tovuti zao nayo yakaathirika, kwa kuwa yalitegemea kituo hichohicho kuhakiki taarifa za waombaji.

Tarehe 1 Desemba serikali ilitoa taarifa ya maendeleo. Marekebisho zaidi ya 400 yalikuwa yamefanyika. Muda wa tovuti kuwa hewani, ambao mwanzoni mwa Novemba ulikuwa asilimia 43 hivi, ulipita asilimia 90. Muda wa majibu ulishuka chini ya sekunde moja, na hitilafu za kurasa chini ya asilimia moja. Uwezo ulitajwa kuwa watu 50,000 kwa wakati mmoja na ziara 800,000 kwa siku. Kesho yake, watu walipokaribia 35,000, mfumo wa foleni uliwashwa: anayefika anaambiwa kuna msongamano, anaacha barua pepe yake, anaitwa nafasi ikipatikana. Wapo walioona foleni hiyo kuwa ushahidi wa kushindwa. Mimi naona ndio uamuzi wa kiungwana kuliko yote yaliyofanywa kwenye tovuti ile, kwa sababu mtu aliyeambiwa arudi baadaye anapangua siku yake vizuri, na yule aliye ndani anamaliza.

Siku ya mwisho ya uandikishaji, 31 Machi 2014, tovuti ilipata ziara zipatazo milioni 4.8, na kuna wakati watu zaidi ya 100,000 walikuwa ndani kwa pamoja. Ilisumbua asubuhi, na mchana kufungua akaunti mpya kulisimama kwa muda, lakini kazi iliendelea. Hadi zoezi lilipofungwa Aprili, watu milioni 8 nchi nzima walikuwa wamechagua bima kupitia tovuti za shirikisho na za majimbo.

Ukipewa kazi kama hii

Mifumo ya umma ya Afrika Mashariki ina umbo lilelile: siku moja ya matokeo ya mitihani, saa za mwisho za maombi ya mikopo ya wanafunzi, usiku wa mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi. Nayo inategemea mifumo ya wengine, kwa maana ya kitambulisho cha taifa, malipo kwa simu na ujumbe mfupi. Kwa hiyo cha kwanza kuomba kabla ya kuwasha programu ya kupimia ni kibali cha maandishi, tena kutoka kwa kila mwenye seva utakayoigusa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018, na kwa mwenye seva asiye na habari, kipimo chako hakina tofauti na shambulio. Mahali ambapo kibali hakipatikani, weka kibadala, lakini kipe ucheleweshaji wa kweli: ikiwa uhakiki wa kitambulisho kwa kawaida huchukua sekunde 3, kibadala kijibu kwa sekunde 3, na mara nyingine kisijibu kabisa.

Pandisha mzigo kwa ngazi, ukikaa katika kila ngazi muda wa kutosha kuona kama kumbukumbu inavuja na kama foleni inaendelea kukua. Ukishafika namba lengwa usiishie hapo, endelea hadi mfumo uvunjike, ili ujue unavunjikia wapi na unavunjika vipi. Upo mfumo unaokataa wageni wapya kwa heshima na kuwahudumia walio ndani, na upo unaozama na wote. Kisha ushushe mzigo ghafla uone kama unasimama wenyewe, au unahitaji mtu aje kuwasha seva upya saa nane usiku.

Karatasi ya kipimo iwe na safu mbili ambazo kwenye mradi ule hazikuwepo: kiwango ambacho kisipofikiwa ufunguzi unasimama, na cheo cha mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuusimamisha. Kwa HealthCare.gov kiwango hicho kingeweza kuandikwa miezi mitatu kabla: watu 60,000 kwa wakati mmoja, safari nzima tangu akaunti hadi faili ya 834, ukurasa ndani ya sekunde mbili, hitilafu chini ya asilimia moja. Safu hizo zijazwe na kusainiwa kabla kipimo cha kwanza hakijaendeshwa. Zikiachwa hadi matokeo yatoke, watu walioshikwa na tarehe huanza kushusha kiwango kidogo kidogo hadi kilingane na kile kilichopatikana.